Kupanda Kilimanjaro ukitokea Geita au Shinyanga: nunua siku, usitegemee misuli

Kila tunapotangaza habari za Kili Challenge, kampeni iliyoanzishwa na Mgodi wa Dhahabu wa Geita mwaka 2002 kuchangia mapambano dhidi ya VVU na UKIMWI, wasikilizaji hutuuliza: je, watu wa kawaida tunaweza kupanda huo mlima? Ndiyo. Kwa njia zinazotumiwa na wengi huhitaji kamba wala ujuzi wa kukwea miamba, ni safari ya miguu. Lakini kosa linalowarudisha wengi njiani hufanyika mapema, siku ya kulipia.

Tuanze na hewa. Huku kwetu tunaishi kwenye mita 1,100 hadi 1,300 hivi kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, na pumzi moja ya kule ina oksijeni karibu nusu tu ya anayoipata mtu wa pwani. Mwili huzoea, ila unataka siku kadhaa. Hapa ndipo baadhi ya wachimbaji hujidanganya: kama nashuka duarani kila siku, mlima utanishinda vipi? Duarani hewa ikiwa nzito unapuliziwa safi kutoka juu, kazi inaendelea. Mlimani hakuna wa kukupulizia. Kijana mwenye nguvu anaweza kuumia kabla ya mzee, kwa sababu siku ya kwanza alikwenda mbio. Waongozaji wakisema "pole pole" hawatanii.

Sasa siku zenyewe. Njia ya Marangu ina vibanda vya kulala, na safari yake fupi huuzwa siku tano: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, kisha usiku uleule unaondoka kwenda kileleni. Wataalamu wa tiba za milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa siku. Hesabu mwenyewe: Horombo hadi Kibo ni mita 1,000. Kwa hiyo lipia siku ya sita, ya kupumzika Horombo. Ukichagua Machame, ambako mnalala kwenye mahema, chukua siku saba badala ya sita. Fedha ikiwa haitoshi, tunaona ni bora kusubiri mwaka mwingine kuliko kupunguza siku.

Kuna wanaopaswa kumwona daktari kabla ya kulipa chochote. Kanda ya Ziwa ina watu wengi wenye selimundu, na mgonjwa wa selimundu akipanda juu sana anaweza kupata maumivu makali na hata kufa. Mwenye vinasaba vyake bila kuugua naye apime na aulize. Wapo ambao bandama lao hudhurika huko juu. Pili ni waliovuta vumbi la mawe miaka mingi, au waliowahi kuugua kifua kikuu. Kifua kinachobana kwenye kilima cha kijijini hakitapona Kibo.

Ukiwa mlimani, kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula ni dalili za mwanzo. Mwambie mwongozaji, usifiche, na usipande zaidi hadi ziishe. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema akiwa amekaa, anashushwa hapohapo, hata kama ni usiku. Dawa ya kwanza ni kushuka.

Nguo zisikutishe. Usiku kileleni baridi hushuka chini ya nyuzi sifuri, mara nyingine hadi 15 chini yake, lakini mabelo ya mitumba huleta makoti mazito ya theluji ambayo huku kwetu kwenye joto hayana wateja. Chagua pia sufu. Acha jinzi na fulana za pamba (wakulima wa pamba mtusamehe), zikilowa hazikauki.

Wapo wanaouliza kama kule watu huteleza kwa mbao kwenye theluji, kama video zinazozunguka kwenye simu. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, waliteleza hivyo kutoka Kibo. Leo barafu imepungua sana na mchezo huo haupo. Afrika utaukuta Lesotho na Moroko.

Miezi mizuri ni Januari na Februari, au Juni hadi Oktoba. Kwa mkulima, Agosti inafaa, pamba ikiwa imeshauzwa. Basi hupita Nzega, Singida, Babati na Arusha hadi Moshi. Fika siku moja kabla, ulale. Kupanda bila mwongozaji mwenye leseni hairuhusiwi, hivyo pitia kampuni iliyosajiliwa, na idadi ya siku, chakula na malipo ya wapagazi viandikwe kwenye karatasi. Usisahau kitambulisho cha taifa: bila kuthibitisha uraia, getini unaweza kudaiwa kiingilio cha mgeni, na hicho ni cha dola.