Barua pepe isiyofika: matumizi ya -tuma, -kwama, -ahirishwa, -kataliwa na -rudi

Vitenzi vitano vilivyotajwa katika kichwa hiki huchanganywa katika tafsiri za ujumbe wa hitilafu, hasa pale taasisi inapoendesha yenyewe seva yake ya barua pepe. Mara nyingi vyote hufunikwa na sentensi moja: "Imeshindikana kutuma barua." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Kasoro yake ni kwamba -shindikana humficha mtenda, haisemi tukio limetokea wapi, wala haielezi kama hali ni ya muda au ya kudumu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Skuli moja ya Chokocho, katika Wilaya ya Mkoani, Pemba, ina seva yake. Mwalimu anatuma barua za uthibitisho kwa ajili ya wanafunzi wanaoomba nafasi chuoni, na zimebaki siku tatu kabla ya mwisho wa kupokea maombi. Akiambiwa tu kwamba imeshindikana, hatajua kama asubiri, asahihishe anwani, arekebishe seva au apige simu chuoni. Kitenzi kilichochaguliwa vyema kingemwelekeza.

1. -tuma na -fika

Barua pepe husafiri kwa hatua mbili. Kwanza programu ya mwalimu huikabidhi kwa seva ya skuli, kwa kawaida kupitia mlango namba 587 au 465. Kisha seva ya skuli huipeleka kwenye seva ya chuo kupitia mlango namba 25. Neno "Imetumwa" linaloonekana kwenye kompyuta ya mwalimu linathibitisha hatua ya kwanza tu. Mtu aliyemkabidhi nahodha barua ya Kisiwa Panza kwenye diko la Chokocho amekwisha kuituma. Kama imefika ni habari nyingine. Kwa hiyo mfasiri asiandike "imefika" wala "imepokelewa" pale ambapo matini asilia yanasema kutumwa tu.

Tahadhari: epuka "barua haikutumika". Umbo -tumika linaweza kutokana na -tuma au na -tumia, na wasomaji wengi watalielewa kwa maana ya pili, yaani kutotiwa kazini. Andika "haikutumwa".

2. -kwama

Barua imekwama ikiwa iko kwenye foleni ya seva ya skuli na seva hiyo haijaweza hata kuzungumza na seva ya upande wa pili. Hapa hakuna aliyekataa, kwa kuwa hakuna aliyeulizwa. Dalili yake katika batli ni muunganisho uliosubiriwa hadi muda ukaisha, bila namba yoyote ya jibu kutoka ng'ambo.

Sababu ya kawaida ni kwamba watoa huduma wengi wa intaneti hufunga mlango namba 25 kwa wateja wa majumbani na wa simu, ili kuzuia barua taka. Msimamizi atazame foleni (katika Postfix, kwa amri postqueue -p). Ikiwa barua za kwenda kila mahali zimekwama, chanzo kiko upande wake. Ikiwa ni za mahali pamoja tu, huenda tatizo liko huko. Tiba ni kumwomba mtoa huduma aufungue mlango huo, au kutumia seva ya kupitishia, yaani seva nyingine inayokubali kuzipokea barua za skuli na kuzisafirisha.

3. -ahirishwa

Hapa seva ya chuo imejibu, na jibu lake ni "si sasa". Katika itifaki ya SMTP, iliyochapishwa mwaka 1982, kila jibu lina namba ya tarakimu tatu, na tarakimu ya kwanza ndiyo yenye uzito. Namba inayoanza na 4, kama 421 au 451, inaeleza kikwazo cha muda: seva imeelemewa, au inamchelewesha kwa makusudi mtumaji isiyemjua ili kuona kama atarudi. Watuma barua taka wengi hawarudi. Ni sawa na chombo kilichokuta maji yamekupwa: kinangoja yajae, hakigeuzi safari.

Barua iliyoahirishwa hubaki kwenye foleni na seva hujaribu tena yenyewe. Toleo la itifaki hiyo la mwaka 2008 linapendekeza kungoja angalau dakika 30 kati ya majaribio, na kutokata tamaa kabla ya siku 4 hadi 5. Postfix, isipobadilishwa, hushikilia barua kwa siku 5. Katika mfano wetu wa Chokocho, tofauti hii ni nzito. Seva inaweza kuendelea kujaribu kwa uaminifu mpaka tarehe ya mwisho ipite, na mwalimu asipate taarifa ya mwisho hadi siku ya tano. Hivyo tafsiri itaje muda: "Imeahirishwa, seva itajaribu tena hadi siku 5."

Kitenzi -cheleweshwa kinakubalika, lakini hakisemi kwamba jaribio jingine limepangwa. -ahirishwa kinabeba maana hiyo.

4. -kataliwa

Namba inayoanza na 5 ni jibu la kudumu: kuituma tena barua ileile bila kubadili chochote hakutasaidia. Namba yenyewe, mathalani 550, hufuatwa mara nyingi na namba ya pili inayofafanua sababu. 5.1.1 inamaanisha kwamba anwani ya mpokeaji haipo. Mwalimu asahihishe tahajia. 5.7.1 inamaanisha kwamba barua haikuruhusiwa, mara nyingi kwa sababu za sera au usalama. Hapo kazi ni ya msimamizi wa seva.

Msimamizi ataanza kwa kukagua mambo matatu. La kwanza ni SPF, orodha ya seva zilizoidhinishwa kutuma kwa jina la kikoa cha skuli. La pili ni DKIM, saini ya kidijitali inayothibitisha kwamba barua imetoka kwenye kikoa husika na haikubadilishwa njiani. La tatu ni rekodi ya kinyume, inayotoka kwenye anwani ya IP kwenda kwenye jina la seva. Hii kwa kawaida huwekwa na mtoa huduma, si na skuli. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinadai kila mtumaji awe na SPF au DKIM pamoja na rekodi ya kinyume iliyo sahihi.

Angalizo kuhusu mtenda: usiandike "Mpokeaji amekataa barua yako." Mpokeaji ni mtu, na kiambishi a- kitamfanya mwalimu aamini kwamba ofisa wa chuo amewakataa wanafunzi wake. Andika "Seva ya mpokeaji imeikataa barua yako."

5. -rudi na -rudishwa

Seva ya chuo ikikataa, seva ya skuli ndiyo inayomwandikia mwalimu taarifa ya kushindwa. Kwa hiyo "Seva ya chuo imeirudisha barua" kwa kawaida si kweli: chuo kimekataa kuipokea, na aliyeirudisha ni mjumbe wetu wenyewe. Kosa la upande wa pili ni la kawaida pia. Mwalimu akiona kwamba taarifa imeandikwa na seva ya skuli huilaumu seva hiyo, ilhali aliyetoa uamuzi yuko ng'ambo. Tafsiri nzuri hutenganisha watenda wawili: "Barua imerudi kwa sababu seva ya mpokeaji imeikataa."

6. Majina yanayohitaji uangalifu

Mlango, si bandari. Kwa msomaji wa Pemba, bandari ni pale Mkoani meli zinapotia nanga. "Bandari namba 25" humtoa kwenye maana. "Mlango namba 25" humwonyesha kitu kinachoweza kufunguliwa au kufungwa.

Batli. Neno hili la mabaharia kwa kumbukumbu za safari ya chombo linafaa sana kwa faili ambamo seva huandika kila tukio na saa yake. "Kumbukumbu" peke yake ni pana mno.

Saini, si sahihi. Maneno yote mawili yana maana ya alama ya mtu ya kuthibitisha maandishi, lakini "sahihi ya barua si sahihi" ni kitendawili kisicho cha lazima.

Orodha ya anwani zilizozuiwa. "Orodha nyeusi" ni tafsiri sisisi. Rangi haimwelezi msomaji kilichotokea.

7. Mizani ya tafsiri

Kabla ya kuidhinisha tafsiri ya ujumbe wa hitilafu, mfasiri ajiulize maswali matatu: nani ametenda, barua iko wapi sasa, na je, hali itabadilika bila mtu kuingilia kati?

Epuka: Imeshindikana kutuma barua.
Andika, kulingana na tukio:
Barua imekwama kwenye foleni yetu. Seva ya mpokeaji haijafikiwa.
Seva ya mpokeaji imeiahirisha barua. Tutajaribu tena hadi siku 5.
Seva ya mpokeaji imeikataa barua kwa sababu anwani haipo. Sahihisha anwani, kisha utume upya.
Seva ya mpokeaji imeikataa barua kwa sababu seva yetu haikutambuliwa. Mwarifu msimamizi, kama jambo ni la haraka, wasiliana na mpokeaji kwa simu.