Benz kuukuu kando ya ziwa: mwongozo kwa wenye magari ya kifahari Migori na Homa Bay

Magari mengi yanayotembea Migori na Homa Bay yalishukia bandari ya Mombasa. Yakauzwa katika yadi zetu, yakapanda zaidi ya kilomita 800 hadi kando ya ziwa, na baada ya miaka kadhaa yakaanza kubadilisha mikono. Leo kijana aliyepata fedha za miwa Awendo, mchimba dhahabu wa Macalder, au ndugu yetu wa Pwani mwenye duka Kendu Bay, anaweza kununua Mercedes au BMW ya zamani kwa bei ya gari dogo la Kijapani. Hapo ndipo penye mtego. Bei ya kununua imeshuka, lakini bei ya spea na ufundi haikushuka nayo.

Makala haya ni ya kuwekwa, yasomwe tena wakati wa haja. Yamekusudiwa wale wanaomiliki magari hayo huko bara, jamaa zao wa Pwani wanaotumwa kuwatafutia spea, na sisi tunaowauzia.

Ni magari gani

Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lenye zaidi ya miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo gari la kifahari lenye miaka 15 au 25 tayari limo nchini, na limeshapita kwa watu watatu, wanne au zaidi. Ya kawaida ni Mercedes W124 ya miaka ya 1980 na 1990, W203 na W211 za miaka ya 2000, BMW aina ya E46 na E90, Toyota Crown na Mark X, na Range Rover chache za wenye moyo.

Tangu uhuru watu wetu wana neno "Wabenzi", maana yake tabaka la wakubwa. Mwaka 2009 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliwataka mawaziri wayaache magari makubwa na kutumia yasiyozidi 1,800cc, kwa sababu serikali yenyewe ilikuwa inaumia kwa mafuta na matengenezo. Ikiwa hazina ya taifa ililalamika, mwenye duka la rejareja ajipime kabla hajatoa fedha.

Mazingira ya ziwani

Gari lililozoea Nairobi au Mombasa hukutana na mambo mapya kule. Ziwa Viktoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo maji huchemka kwenye digrii 96 hivi badala ya 100. Halafu kuna miinuko: kutoka Homa Bay kwenda Rongo, na kutoka Migori kupanda Kisii, gari la otomatiki hufanya kazi nzito kwenye joto. Kuna vumbi la barabara za ndani kuelekea Nyatike na Muhuru Bay, na udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, ukiacha barabara mawimbi matupu.

Na kuna vijidudu vya ziwani, vile vinavyopaa makundi kwa makundi kama moshi. Vikiingia kwenye grili vinaziba matundu ya rejeta ya maji na ile ya eyakondishena. Mwenye gari huona feni inazunguka, maji yamejaa, na bado joto linapanda.

Kabla ya kununua

Usitoe hata arubuni kabla ya kufanya mambo haya:

1. Soma namba ya chesi, yenye tarakimu na herufi 17. Mercedes nyingi za Kijerumani za miaka hiyo huanza na WDB, na tatu zinazofuata hutaja muundo, kama 124, 203 au 211. BMW nyingi huanza na WBA. Ilinganishe na kitabu cha gari.

2. Liwashe likiwa baridi. Muuzaji akilipasha moto kabla hujafika, jiulize anaficha nini. Mngurumo wa mnyororo kwa sekunde chache za mwanzo ni dalili mbaya, hasa kwa Mercedes zenye injini ya M271, ile ya 1.8 iliyoandikwa Kompressor. Mnyororo wake wa taimingi hurefuka, na ukiruka meno, vali na pistoni hugongana.

3. Kwa W203 na W211 za mwanzo, uliza kama rejeta imebadilishwa. Baadhi zilikuwa na rejeta ambayo huvuja kwa ndani, maji yakachanganyika na oili ya giaboksi. Oili ya giaboksi ikiwa na rangi ya maziwa, ondoka.

4. W211 zilizoundwa kabla ya katikati ya 2006 zina breki za umeme ziitwazo SBC. Pampu yake huhesabu idadi ya breki, na ikifikisha kikomo hutoa onyo jekundu. Kipuri hicho kinaweza kukaribia thamani ya gari lenyewe. Za kuanzia katikati ya 2006 zilirudishiwa breki za kawaida. Hizo ndizo za kutafutwa.

5. W124 za petroli za kati ya 1992 na 1995 hivi zina nyaya za injini ambazo plastiki yake huoza na kumomonyoka. Funua mpira wa waya karibu na injini, uukunje taratibu. Ukivunjika kama mkate mkavu, waya wote unahitaji kubadilishwa.

6. Usiamini mita ya kilomita. Tazama pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva: gari la kilomita 70,000 halina pedali iliyolika.

Joto ndilo adui wa kwanza

Kifuniko cha rejeta au cha tangi la maji si cha kuzuia vumbi tu. Hushika shinikizo, na shinikizo ndilo linalofanya maji yasichemke hadi yavuke digrii 110. Kifuniko kikilegea, maji yatachemka kwenye zile digrii 96 za ziwani, wakati termostati za magari haya hufunguka karibu na 90. Umebakiwa na mwanya mdogo sana. Kifuniko kipya ni bei ya chakula cha mchana. Silinda hedi iliyopinda ni bei ya ng'ombe kadhaa.

Usijaze maji ya ziwa wala ya kisima. Yana chumvi na matope yanayoganda ndani ya mifereji. Tumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, ya aina inayotajwa kwenye kitabu cha gari. Usichanganye za rangi mbalimbali kwa kubahatisha.

BMW za E46 na E90 zina tangi la maji, viungio na sehemu za pampu za plastiki. Plastiki hiyo hukauka na kupasuka bila kutoa taarifa. Mwenye busara huzibadilisha kabla hazijapasuka. Kwa E90 nyingi za silinda sita pampu ya maji ni ya umeme. Ikifa, hakuna mkanda wa kukupa ishara.

Mshale wa joto ukipanda, simama. Zima injini, ngoja nusu saa au zaidi, wala usifungue kifuniko kikiwa moto. Wengi waliopoteza injini walisema, "Nifike tu Rongo."

Oili na giaboksi

Kwenye vumbi na safari fupi za mjini, badilisha oili ya injini kila kilomita 5,000 hadi 8,000, pamoja na filta. Tazama alama za viwango nyuma ya dumu: Mercedes hutaja 229.3 au 229.5, na BMW nyingi za miaka hiyo hutaja LL-01. Bei kubwa na picha nzuri si kiwango.

Giaboksi ya gia tano ya Mercedes, iitwayo 722.6, ilitangazwa kuwa oili yake ni ya maisha. Maisha ya nani? Kwa miinuko ya Kisii, ibadilishe kila kilomita 60,000 hivi, na filta yake. Wakati huohuo mwambie fundi atazame plagi ya waya inayoingia kwenye giaboksi. Mpira wake ukichoka, oili hupanda kupitia waya hadi kwenye kompyuta ya giaboksi, na hapo gari hung'ang'ania gia moja. Wengi wameuziwa giaboksi nzima kwa kosa la kipuri cha shilingi chache.

Umeme na maji ya presha

Chukua tahadhari nne. Kwanza, usikubali injini ioshwe kwa maji ya presha. Koili, sensa na kompyuta hazikuumbwa kwa hilo. Futa kwa kitambaa chenye unyevu. Wala usiliingize gari ziwani kuliosha, kwani oili yake hurudi kwenye maji ambayo watu huteka.

Pili, usichomoe waya wa betri injini ikiwa inanguruma, ule mtindo wa kujaribu alteneta. Kwa gari la zamani la kabureta lilipita; kwa haya linaunguza kompyuta.

Tatu, betri ya E46, E90 na W211 iko nyuma kwenye buti, na ya E90 ikibadilishwa lazima kompyuta ijulishwe kwa skana.

Nne, kuwa na skana yako ndogo inayochomekwa chini ya usukani na kusomwa kwa simu. Haitibu, lakini inakupa namba ya kosa kabla ya fundi kukupa hadithi. Namba ikitaja sensa, haina maana sensa imekufa. Huenda ni waya au mpira wa hewa uliopasuka.

Kazi za nyumbani

Kila wiki: pima oili na maji gari likiwa baridi, tazama chini kama kuna tone jipya, pima upepo wa matairi.

Kila mwezi: safisha rejeta kwa maji ya bomba ya kawaida, ukisukuma kutoka upande wa injini kwenda mbele ili wadudu watoke walikoingilia. Toa filta ya hewa, ikung'ute. Ikiwa nyeusi, nunua nyingine. Safisha matundu ya maji chini ya kioo cha mbele, kwani majani yakiziba mvua huingia kwenye nyaya.

Kila miaka miwili: badilisha maji ya breki. Hunyonya unyevu wa hewa, na yakipata joto la mteremko huchemka, ukakanyaga pedali ikazama. Tazama pia umri wa matairi: tarakimu nne za mwisho wa alama ya DOT hutaja wiki na mwaka. 1419 ni wiki ya 14 ya 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini limezeeka hupasuka kwa joto.

Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki pekee. Weka stendi. Oili chafu iweke kwenye dumu, usiimwage shambani.

Spea na fundi

Huko Migori na Homa Bay mafundi hodari wapo, lakini wengi mikono yao imezoea Probox na pikipiki. Mpate mmoja mwenye subira, anayekubali kusoma kabla ya kufungua. Spea nyingi zitatoka Kisumu, Nairobi au Mombasa kwa basi. Kwa hiyo mtumie jamaa yako namba ya chesi na picha ya namba iliyo kwenye kipuri cha zamani. Usimwambie tu "pampu ya Benz". Vya mtumba vinafaa kwa taa, milango na vioo. Kwa breki, termostati, mipira na pampu ya maji, nunua vipya.

Makaratasi na hesabu

Uhamishaji wa umiliki hufanywa NTSA kupitia eCitizen. Usiendeshe gari lenye jina la mtu mwingine; akiwa na deni au kesi, gari ni lake. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria. Bima kubwa kwa gari la miaka mingi ni ngumu kupatikana, kwa hiyo ajali ni mzigo wako. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Haukuwa sheria, lakini wazo kama hilo linaweza kurudi.

Hesabu yangu ni nyepesi: ukinunua gari la aina hii, weka kando theluthi moja ya bei yake kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza. Kama huna theluthi hiyo, gari hilo si lako bado. Na kama utalinunua kwa mkopo wa riba ili watu wakuone msibani au harusini, umeongeza dhambi juu ya gharama. Lakini anayelitunza kwa nafasi yake hafanyi israfu. W124 ya dizeli iliyotunzwa bado hupanda Kisii bila kelele, wakati magari mapya kadhaa yameshakuwa vyuma chakavu.

Neno la mwisho ni kwetu tulio Mombasa. Sisi ndio tunaouza. Kurudisha mita nyuma, kuficha uvujaji kwa kuosha injini asubuhi ya kumpokea mnunuzi, kuzima taa ya onyo kwenye dashibodi: hiyo ni khiyana. Uislamu unamtaka muuzaji aitaje aibu ya bidhaa yake. Yule mtu wa Homa Bay atapakia mke na watoto, atashuka miteremko usiku, akiamini breki ulizomwambia ni nzima. Mwambie ukweli, na bei ishuke ikibidi.