Dhoruba ya Mwaka 1872 na Simu ya Mama

Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaifikia Mafia, nilikuwa Dar es Salaam nimefunga madirisha yote, nasikiliza upepo ukigongagonga bati la jirani. Boti za Zanzibar zilikuwa zimesimamishwa. Simu ikaita. Mama, kutoka Tanga.

"Uko na nani hapo, mwanangu?"

Swali hilohilo aliwahi kuniuliza Desemba 2013. Nilikuwa Hamburg, Ujerumani, safari yangu ya kwanza nje ya nchi, na nilikwenda peke yangu. Usiku wa tarehe 5 ikavuma dhoruba waliyoiita Xaver. Maji ya mto Elbe yakapanda mpaka soko la samaki likazama. Mimi nilikuwa kwenye chumba cha kupanga, Kijerumani changu kinaishia kwenye salamu, sijui hata nikipiga kelele nani ataelewa. Nikamjibu mama: "Niko na wenzangu, tunakunywa chai." Wenzangu hawakuwepo. Hata hiyo chai haikuwepo.

Tangu siku ile, kila upepo mkali unanirudishia ule uongo.

Baadaye nikaja kusoma habari za Mzanzibari aliyenitangulia katika mji ule. Salme binti Said, mtoto wa Sultani Seyyid Said, aliondoka Unguja Agosti 1866 kwa meli ya kivita ya Waingereza, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Mwaka 1867, huko Aden, alibatizwa, akaitwa Emily, wakaoana, kisha wakaenda kuishi Hamburg. Mwaka 1870 Heinrich alipata ajali ya tramu akafa. Salme akabaki mjane kabla hajafikisha miaka 26, na watoto watatu wadogo.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikaipiga Unguja. Vitabu vya historia vinakikumbuka kwa hesabu za mali: mikarafuu iliyong'olewa, merikebu za Sultani Barghash zilizovunjika, na Pemba, ambayo kwa sehemu kubwa ilinusurika, ikaja kuipita Unguja kwa karafuu. Hesabu hizo ni muhimu. Ila mimi kila nikizisoma najiuliza jambo moja dogo: Salme alijua lini? Barghash alikuwa ndugu yake kwa baba. Mashambani mule aliwahi kuishi. Na waya wa telegramu ulifika Unguja mwaka 1879, miaka 7 baadaye. Mwaka ule habari ilikuwa inasafiri kwa meli. Basi zilikuwepo siku nyingi ambazo kwao kumeshaanguka, naye yuko Ujerumani, pengine anawavisha watoto viatu, na kichwani mwake mikarafuu bado imesimama.

Mimi nilikuwa na simu mkononi. Neno langu lilifika Tanga kwa sekunde moja, na bado mama hakupata habari yangu.

Salme yeye aliandika. Kumbukumbu zake zilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886, na barua alizomwandikia rafiki wa nyumbani zikachapwa miaka mingi baada ya kifo chake. Humo hakuuficha upweke. Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg, kwenye makaburi ya Ohlsdorf, pamoja na mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja. Treni ya kwenda uwanja wa ndege inasimama Ohlsdorf. Siku ya kurudi nyumbani nilipita pale nimekumbatia begi langu, sina habari kwamba jirani na stesheni kuna mchanga wa kwetu.

Mama alikuwa bado anasubiri jibu.

"Niko peke yangu, mama. Na naogopa kidogo."

Akacheka. "Hata kule Ulaya ulikuwa peke yako. Mtu anayekunywa chai na wenzake haongei kwa kunong'ona."

Miaka 10 na zaidi alikuwa anajua. Tukaongea mpaka salio lake likaisha, nikampigia mimi.