Uamsho Ulioonekana Kwenye Madeni

Tukisimulia Uamsho wa Afrika Mashariki, sisi wa kanisani hupenda kuanza na Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church wakisoma Biblia pamoja Namirembe, mwaka 1929. Majirani waliuona kwenye madeni. Kule Gahini, Rwanda, kisha Uganda, Kenya na Tanganyika, waliookoka walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa walichokopa, wakaungama hadharani, pengine kupita kiasi. Wengi hawakuwa wachungaji: walikuwa wauguzi, wakulima, akina mama wa nyumbani. Wenye maduka waliletewa fedha walizokwisha kuzisahau. Kwa uaminifu huohuo wa dukani na shambani, wakati wa Mau Mau nchini Kenya, baadhi yao walikataa kiapo, wakakataa na bunduki za serikali. Wengine waliuawa kwa sababu hiyo.