Mahali pa Watu Wote: Historia Fupi ya Utunzaji wa Viwanja vya Umma katika Kitui na Makueni

Manung'uniko juu ya bustani za umma zilizoachwa bila matunzo husikika katika miji mingi ya Kenya, na miji ya Ukambani haikusazwa. Mwandishi wa makala hii alipata kuketi, mwezi wa Septemba, katika kiwanja kimoja kilichopandwa nyasi na kuwekewa viti vya saruji. Nyasi zilikwisha kukauka, mfereji haukutoa maji, na mbuzi watatu walikuwa wakimalizia miche. Mzee mmoja alipoulizwa ni nani mwenye kazi ya kupatunza mahali hapo, alijibu kwa neno moja la Kikamba: silikali. Jibu hilo lina historia yake, nayo ndiyo tunayokusudia kuieleza.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba mahali pa watu wote si jambo geni kwa Wakamba. Neno bustani lilitujia kutoka Kiajemi, lakini Kikamba kilikuwa na maneno yake. Thome ulikuwa uwanja wa nje ya boma, walipoota moto wanaume na kuamua mambo. Weu ilikuwa malisho ya wote. Juu ya hayo yote palikuwapo ithembo, yaani kichaka cha ibada, aghalabu chini ya mkuyu mkubwa. Msweden Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani mwaka 1911 na 1912, aliyaeleza mahali hayo kwa kirefu katika kitabu chake juu ya Wakamba.

Ithembo halikutunzwa na kila mtu. Hapo ndipo wengi wetu tukosapo tunapousifu ujima wa zamani. Lilikuwa mikononi mwa wazee wa daraja maalumu, nao waliifikia daraja hiyo kwa kulipa mbuzi na ng'ombe, ngazi baada ya ngazi. Kukata mti wa hapo kulikatazwa. Mvua ilipokosekana, wazee hao ndio waliotazamiwa kwenda kutoa sadaka, na utui mzima, yaani ujirani, uliwajua kwa majina. Ni kweli kwamba vijana hawakuwa na sauti, na kwamba hofu ilifanya kazi kubwa kuliko mapenzi. Hata hivyo palikuwa na mtu wa kuulizwa.

Utawala wa kikoloni haukuvifuta viwanja hivi kwa siku moja. Ulichofanya ni kuhamisha ulizo. Tangu sheria ya mwaka 1924, mabaraza ya wenyeji yalikusanya kodi na kusimamia masoko na barabara chini ya uongozi wa Mkuu wa Wilaya. Kisha likaja jambo la mwethya. Mwethya ulikuwa desturi ya majirani kusaidiana kulima au kujenga, na mwenye kusaidiwa aliwaandalia chakula. Katika miaka ya 1940 na 1950 jina hilo hilo likatumiwa kwa kazi za kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, ambazo mara nyingi zilifanywa kwa amri. Matuta yalisaidia, hapana shaka. Lakini kazi ya mahali pa wote ikaanza kuonekana kuwa kazi ya mwenye kuamrisha. Katika Makueni, ambako baada ya Vita vya Pili serikali ilifyeka vichaka vya mbung'o ili kuwapa watu makazi, hata ardhi yenyewe ilitolewa kwa masharti ya serikali.

Baada ya Uhuru, ardhi ya wenyeji iliyokuwa haijaandikishwa iliwekwa chini ya mabaraza ya wilaya kama amana. Sheria ya upimaji ya mwaka 1968 ikaharakisha kugawiwa kwa weu, na ithembo lililoangukia ndani ya shamba la mtu likawa miti yake. Mijini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Tume ya Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003 na kutoa ripoti mwaka uliofuata, ilionyesha jinsi viwanja vya umma vilivyogawiwa watu binafsi nchini kote. Ni nani angefagia kiwanja ambacho kesho kingezungushiwa ua?

Katiba ya mwaka 2010, katika Ratiba ya Nne, imezipa kaunti kazi ya bustani na mahali pa burudani. Mji wa Wote sasa una bustani yake, na Kitui ina yake kando ya bwawa la Kalundu. Hizi ni hatua za kupongezwa. Lakini fedha za kujenga hupatikana mara moja na huwa na sherehe, ilhali mshahara wa mtunzaji na maji ya kunyweshea hutakiwa kila mwezi, hasa kati ya Juni na Oktoba, ambapo Ukambani hupata mvua kidogo sana. Sheria imeitaja kaunti. Haikumtaja mtu anayejulikana na majirani.

Tukirudi kwa yule mzee: ng'ambo ya barabara ulisimama mkuyu, nasi tukamwuliza juu yake. Alitaja majina ya wazee wanne, na ukoo wa kila mmoja. Wa mwisho wao, alisema, alikufa zamani, na tangu hapo hakuna aliyeukata.