Chembe Iangukayo Katika Shimo Jeusi na Gharama ya Ukuta wa Moto

Chembe ya kwanta inapoanguka, nadharia mbili kuu za fizikia hukutana, na mara nyingi hukutana bila ugomvi. Mwaka 1975 Colella, Overhauser na Werner waliupitisha mwali wa nyutroni katika fuwele ya silikoni iliyougawa njia mbili, kisha wakakiinamisha kifaa hadi njia moja ikawa juu kidogo ya nyingine. Njia zilipoungana tena, idadi ya nyutroni zilizofika kwenye vipokezi ilipanda na kushuka kadiri ya mwinamo, kama mlinganyo wa Schrödinger unavyotaka ukishatiwa graviti ya Dunia. Ugomvi huanzia kwenye upeo wa shimo jeusi, mpaka ambao hata nuru ikiuvuka hairudi.

Kwa Einstein, kuuvuka mpaka huo si tukio. Shimo la galaksi ya M87 lina masi ya Jua zipatazo bilioni 6.5, na kwa ukubwa huo nguvu za kurarua penye upeo ni hafifu mno; chembe ingepita salama. Lakini mwaka 1974 Stephen Hawking alionyesha kwamba mashimo haya hutoa mnururisho, hivyo huyeyuka. Huyeyuka polepole kweli: shimo lenye masi ya Jua lina halijoto ya kelvini 0.00000006 hivi, ilhali mnururisho uliojaa angani una 2.7, kwa hiyo leo hii linameza zaidi ya linavyotoa. Hoja, hata hivyo, haingojei liishe. Katika hesabu ya Hawking mnururisho hautunzi kumbukumbu ya kilichomezwa, na fizikia ya kwanta hairuhusu hali mbili tofauti ziishie kuwa hali ileile moja.

Hawking alishikilia kuwa taarifa hupotea. Mwaka 1997 aliwekeana dau na John Preskill. Mwaka 2004, mjini Dublin, alikiri kushindwa na kumkabidhi ensaiklopidia ya besiboli. (Kip Thorne, aliyekuwa upande wa Hawking, hakukiri, na sioni kosa lake: dau halithibitishi mlinganyo.)

Mkwamo wenyewe ulianikwa mwaka 2012 na Almheiri, Marolf, Polchinski na Sully. Ili taarifa itoke, chembe inayotolewa na shimo lililokwisha kuzeeka lazima ifungamane kikwanta na mnururisho uliotangulia, yaani hali zao zisielezeke kila moja peke yake. Ili upeo uwe shwari, chembe hiyohiyo lazima ifungamane na mwenzake aliyezaliwa pamoja nayo, aliye ndani. Mfungamano kamili haugawiki kwa wawili. Wao wakaelekea kuuvunja ule wa pili, na matokeo yake ni ukuta wa moto unaoteketeza kila kiangukacho.

Naona walitoa kafara isiyostahili. Mahali upeo ulipo hutegemea hata vitu vitakavyoanguka baadaye. Ukuta uliokaa hapo hasa ungelazimika kuyajua ya kesho. Dhana inayostahili kuachwa ni ile iliyopita bila kuhojiwa, kwamba yaliyo ndani na mnururisho wa nje ni vitu viwili vinavyojitegemea. Mwaka 2019 Penington, na kwa upande wao Almheiri, Engelhardt, Marolf na Maxfield, walikokotoa upya entropia ya mnururisho, yaani kipimo cha mfungamano wake, na kukuta kwamba, shimo likishazeeka, sehemu ya ndani yake huhesabiwa kuwa ya mnururisho. Entropia hupanda, kisha hushuka, kama Don Page alivyotabiri mwaka 1993. Mwenza wa ndani na ule mnururisho wa kale si washindani tena.

Wapinzani husema hesabu hizo zilifanywa katika ulimwengu wa mfano usiofanana na wetu, na kwamba kujua kiasi cha taarifa si kujua njia inayopitia kutoka. Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza, na bado halijajibiwa. Lakini linadai maelezo zaidi ya utaratibu. Halitoi sababu ya kuwasha moto mahali ambapo graviti yenyewe ni tulivu.