Kishazi Huru na Kishazi Tegemezi: Kichunguze Kitenzi

Bwawa la Masinga likijaa, maji hushuka hadi Garissa, Hola na Garsen, na wakazi wa kingo za Mto Tana huambiwa wahamie sehemu zilizoinuka. Tangazo hilo walilisikia mwaka 2018, wakalisikia tena 2024. Mwalimu wa Garsen anayefundisha vishazi hana haja ya kutafuta mfano mbali.

Kishazi ni neno au fungu la maneno lenye kitenzi, lililo ndani ya sentensi. Kikiweza kujisimamia ni kishazi huru. Kisipoweza ni kishazi tegemezi. Chukua sentensi hii: "Bwawa likijaa, watu watahama." "Watu watahama" ni huru. "Bwawa likijaa" ni tegemezi, ukikomea hapo utaulizwa, "Ehe, halafu?"

Mara nyingi wanafunzi huambiwa kuwa kishazi tegemezi ni kile kisichotoa maana kamili. Maelezo hayo hayanitoshi. "Bwawa likijaa" ina maana, tena ya kutisha. Kinachokosekana ni kauli: hakuna jambo lililothibitishwa wala kukanushwa, na hakuna aliyeamriwa kitu.

Tatizo huzidi mwanafunzi anapotoka kwenye somo la Kiingereza. Huko amezoea kusaka neno la pekee, kama "if" au "when", linalotangulia kishazi tegemezi. Kiswahili nacho kina iwapo, ingawa na kwa sababu, lakini mara nyingi alama ya utegemezi imo tumboni mwa kitenzi: -ki-, -po-, -sipo- au o-rejeshi. Tazama: "Ng'ombe waliovuka mto wamerudi Garsen." Kishazi tegemezi ni "waliovuka mto", kimejibanza katikati, na anayetafuta kiunganishi atakipita bila kukiona. Hata neno moja, "wakirudi", ni kishazi kizima: mtenda yumo, tendo limo, sharti limo. Katika darasa la Garsen, mtoto wa Kipokomo anaujua ufumaji huu wa viambishi tangu nyumbani, kwa kuwa lugha yake na Kiswahili zote ni za kundi la Sabaki katika Kibantu. Lugha ya wenzake Waorma ni ya Kikushi, kwa hiyo mwalimu asidhani darasa zima linaanzia mahali pamoja.

Ipo hali moja inayozua ubishi. "Mto ulifurika ukazoa mpunga." Kiambishi -ka- huazima wakati wake kutoka kwa kitenzi kilichotangulia, na kwa sababu hiyo wapo wanaokiita kishazi hicho tegemezi. Mimi nakiweka upande wa huru. "Ukazoa mpunga" inaeleza tukio jingine lililofuata la kwanza; si sharti la kufurika wala sababu yake.

Basi, ewe mtahiniwa, ukiletewa sentensi uichanganue, anza na vitenzi. Vitenganishe viambishi vyake kimoja kimoja, ndipo utafute viunganishi.